Pio Gama Pinto: Mtoaji Asiyeweka Daftari

Kila Jumapili familia za Nairobi humiminika katika bustani ya City Park zikiwa na vikaratasi vya njugu za kuwalisha tumbili. Watoto hucheka, tumbili hupora, wazazi hujinyosha kwenye nyasi. Si mbali na hapo pana makaburi ya zamani, na miongoni mwa waliolazwa humo yumo mtu ambaye, lau tungekuwa na desturi ya kuwazuru wafu wetu kama tunavyowazuru tumbili, njia ya kwenda kwake isingeota hata jani moja. Mimi mwenyewe nilipita pale miaka mingi bila kujua. Siku nilipojua, nilisimama kwa aibu, kwa sababu jina lililokuwa mbele yangu nilikwisha kulisoma vitabuni, nikalijibia mitihani, na kisha nikalisahau kama tunavyosahau majibu ya mitihani yote.

Jina hilo ni Pio Gama Pinto. Alizaliwa hapa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, na hapa hapa Nairobi akauawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965, zikiwa zimesalia wiki tano atimize miaka 38. Kenya huru ilikuwa haijafikisha hata miezi kumi na mitano, naye ndiye aliyekuwa mwanasiasa wake wa kwanza kuuawa kwa njama. Wengine walimfuata: Tom Mboya mwaka 1969, J. M. Kariuki mwaka 1975, na wengineo ambao msomaji anawajua. Kwa sababu hiyo, kila anapotajwa, Pinto hutajwa kwa kifo chake. Yeye hufungua orodha, kisha msemaji husonga mbele kwa wale wanaojulikana zaidi. Leo ningependa tukae naye kidogo, na tukae na jambo ambalo wote waliomjua walikubaliana juu yake, marafiki zake na hata baadhi ya waliompinga: kwamba mkono wake haukujua kufumbwa.

Wazazi wake walikuwa Wagoa, watu wa kutoka kile kipande cha pwani ya India ambacho Mreno alikishikilia kwa zaidi ya karne nne. Baba yake aliitumikia serikali ya kikoloni hapa Kenya. Ili tuelewe uzito wa alichokifanya kijana huyu baadaye, yafaa tukumbuke ngazi ile ya ukoloni ilivyojengwa. Mzungu alikuwa juu, Mwafrika chini, na katikati akawekwa Mhindi na Mgoa, mwenye mshahara mdogo kuliko wa Mzungu lakini mkubwa kuliko wa Mwafrika, mwenye shule yake, hospitali yake, klabu yake na choo chake. Ngazi hiyo ilitengenezwa kwa hila. Aliyekuwa katikati alikuwa na kitu cha kupoteza, na mwenye kitu cha kupoteza hunyamaza. Wengi walinyamaza. Sisemi hivi kwa kuwalaumu, maana hata leo wanaonyamaza kwa kulinda mshahara ni wengi, na hawana rangi moja.

Alipokuwa na umri wa miaka minane alipelekwa India kusoma. Alikaa huko hadi utu uzima, akasoma Goa na kisha chuoni Dharwar, akajiunga kwa muda mfupi na jeshi la anga mwaka 1944, halafu akapata kazi katika idara ya posta na simu mjini Bombay. Huko ndiko alikoionja siasa. Alishiriki mgomo wa wafanyakazi, na akawa miongoni mwa vijana walioanzisha chama cha kudai ukombozi wa Goa. Wareno walipoanza kumsaka, mbele yake palikuwa na njia mbili: kukamatwa na kutupwa katika kambi ya Tarrafal kule Cape Verde, au kurudi alikozaliwa. Akarudi Kenya mwaka 1949.

Sasa hebu tumtazame kijana huyu wa miaka 22 akishuka Nairobi. Lugha ya watu wa nchi alikuwa hana, kwa kuwa alikulia ng'ambo. Alikuwa na elimu ya kumtosha kupata kiti cha ukarani, na jamii yake ingempokea vizuri, ikamwoza na kumsahau. Badala yake alijitia kujifunza Kiswahili, akaanza kuzunguka katika ofisi za vyama. Mwaka huo huo wa 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wameunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mei 1950 wote wawili walikamatwa, na Makhan Singh hakuuona uhuru wake tena hadi mwaka 1961. Pinto akawa mmoja wa wale waliojaribu kuziba pengo hilo. Alifanya kazi pia katika ofisi ya Indian National Congress ya Afrika Mashariki iliyokuwa katika jumba la Desai Memorial, akahariri gazeti la Daily Chronicle, na kila penye ombi la kuandikwa, waraka wa kupigwa chapa au mgeni wa kutafutiwa malazi, aliyetafutwa alikuwa Pinto.

Nadhani hapa ndipo ukarimu wake ulipoanza kuonekana kuwa wa namna ya peke yake. Kuna watu wanaotoa fedha, na fedha hurudi. Huyu alitoa saa zake. Alitoa usingizi wake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na Kenyatta na wenzake watano wakafikishwa mahakamani Kapenguria, ilibidi mawakili watafutwe haraka, wengine kutoka ng'ambo. Alikuja D. N. Pritt kutoka Uingereza, akasimama pamoja na mawakili kama Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Nyuma ya mawakili hao palihitajika mtu wa kukusanya ushahidi, kutafuta fedha na kupeleka habari. Jina la Pinto halimo katika orodha ya mawakili, wala halikupaswa kuwamo, kwa kuwa hakuwa mwanasheria. Lakini waliokuwako wanajua nani alikuwa akihangaika wakati wengine wamelala. Joseph Murumbi, aliyeachiwa mzigo wa ukatibu wa chama cha KAU wakati viongozi wote walipokuwa korokoroni, alipata kwake rafiki na mwalimu wa siasa. Urafiki huo tutaurudia.

Wakati uo huo alikuwa akifanya jambo la hatari zaidi. Wapiganaji waliokuwa msituni walihitaji fedha, chakula, dawa na silaha, na sehemu ya vitu hivyo ilipitia Nairobi, na hapo Nairobi sehemu yake ilipitia mikononi mwa Mgoa huyu ambaye askari wengi wa mkoloni hawakuwa na sababu ya kumsimamisha barabarani. Tazama alivyoitumia nafasi aliyopewa na ngazi ile. Ile rangi iliyokuwa imekusudiwa kumnyamazisha aliigeuza kuwa kibali cha kupita vizuizini, akabeba mizigo ya watu ambao wao wenyewe wasingepita. Mtu anaweza kugawa mali akabaki na heshima yake. Lakini yule anayegawa hata usalama aliozaliwa nao, tumwite jina gani?

Januari 1954 alimwoa Emma Dias. Juni mwaka huo huo, miezi mitano tu baada ya harusi, alikamatwa. Hakushtakiwa, hakuhukumiwa. Alipelekwa kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, akafungiwa pamoja na wale ambao serikali iliwaita sugu wasiorekebishika. Alikaa huko karibu miaka minne. Wakazi wa Lamu wanakijua kisiwa kile: joto lake, chumvi yake na uhaba wake wa maji matamu. Waliozuiliwa pamoja naye walikuja kushuhudia kwamba alichokuwa nacho, kiwe nguo au chakula, alikigawa. Mwanzoni mwa mwaka 1958 akahamishiwa Kabarnet, si kwa kuachiliwa bali kwa kuwekewa mipaka, na huko mkewe akaruhusiwa kuishi naye. Mwaka 1959 ndipo alipokuwa huru kabisa.

Ningeomba msomaji anipe nafasi nimseme Emma, kwa sababu katika sifa za wanaume wakarimu kuna deni ambalo aghalabu halitajwi. Bibi harusi wa miezi mitano aliachwa mjini akiwa mke wa mtu anayechukiwa na serikali. Akafanya kazi ya ukarani. Na mumewe aliporudi, hakurudi kutafuta mali. Alirudi kutafutia fedha familia za wale waliokuwa bado kizuizini, akawa anagawa alichopata kabla hakijafika nyumbani. Mshahara uliojulikana kuwa utafika mwisho wa mwezi ulikuwa wa Emma. Mimi ninamsifu Pinto, na nitaendelea kumsifu, lakini sidhani ni haki kumsifu bila kusema kwamba ukarimu wake ulikuwa wa watu wawili, na mmoja wao hakupigiwa makofi. Mwenye kutoa shati lake hutoa pia kazi ya aliyelifua.

Miaka sita iliyofuata ilikuwa ya mbio. Alishiriki kuunda Kenya Freedom Party, chama cha Wahindi waliotaka uhuru kamili chini ya utawala wa walio wengi. Alikisaidia KANU kuanzisha gazeti lake mwaka 1960. Alifanya kazi kubwa katika kampeni ya uchaguzi wa 1961, uchaguzi ambao kilio chake kikuu kilikuwa Kenyatta aachiliwe. Akapata msaada wa Waziri Mkuu Nehru wa India, na kwa msaada huo pamoja na Murumbi na Achieng Oneko wakaanzisha kampuni ya Pan African Press iliyochapisha Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times. Aliwasaidia wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa wakipambana na yule yule Mreno aliyemfukuza yeye kutoka Goa. Mwaka 1963 alichaguliwa kuwa mjumbe katika Baraza la Kutunga Sheria la Afrika Mashariki, na Julai 1964 akaingia katika Bunge la Wawakilishi kwa kiti maalumu.

Fedha nyingi za harakati zilipita mkononi mwake katika miaka hiyo, za chama, za magazeti, za familia za wafungwa. Hakuna iliyonata. Nalisema hili wazi kwa sababu katika nchi yetu tumekwisha kuzoea kwamba anayeshika mzinga hulamba asali, na tumelizoea jambo hilo hata tukalifanya kuwa sheria ya maumbile. Pinto alikuwa na kila nafasi ya kulamba. Uhuru ulipofika, mashamba ya walowezi yaligawanywa, nyumba kubwa zikapata wenyewe wapya, na watu waliolala sakafu moja kizuizini wakaanza kupishana barabarani bila kujuana, mmoja garini na mwingine kwa miguu. Yeye alifariki bila shamba, na hakuacha akiba ya kumlea mtoto. Ilibidi marafiki waanzishe mfuko wa kuwasaidia mjane na mabinti zake watatu.

Na hapa ndipo ninapoachana na wale wanaomkumbuka Pinto kama mtu mwema tu, aina ya mtakatifu mpole aliyependa maskini. Mtu mwema tu haviziwi langoni. Ukarimu una namna mbili, na Wakenya tunaijua sana namna moja. Tumeuona ule wa harambee, ambapo mheshimiwa huteremka garini, kitita cha noti kikapeperushwa mbele ya kamera, jina likasomwa kwa kipaza sauti na kina mama wakaimba. Ukarimu huo una daftari. Kila shilingi imeandikwa, na siku ya kura italetwa hesabu. Ukarimu huo haumtishi mtu yeyote mwenye nguvu, maana humwacha mpokeaji pale pale alipokuwa, ila sasa ana deni.

Namna ya Pinto ilikuwa nyingine. Alitoa, kisha akauliza kwa nini huyu anahitaji kupewa. Aliyepoteza shamba lake kwa kupigania nchi, kwa nini anunue ardhi aliyoikomboa? Mjane wa aliyekufa msituni, kwa nini mwanawe akose karo wakati mtoto wa mlinzi wa mkoloni anasoma? Maswali haya aliyauliza ndani ya chama, katika mazungumzo ya Bungeni, na katika chuo cha Lumumba kilichofunguliwa Desemba 1964 kuwafunza makada wa KANU, yeye akiwa katika bodi yake. Alisimama upande wa Jaramogi Oginga Odinga katika mvutano uliokuwa ukikipasua chama kuhusu ardhi na mwelekeo wa uchumi. Ni dhahiri kwamba hakuwa kiongozi wa mbele; hakuwa na kabila la kumfuata wala jimbo la kumrudisha. Lakini alikuwa mtu anayejua kuandika, kupanga na kutafuta fedha, na asiyeweza kununuliwa kwa sababu hakuna kitu alichokuwa akikitaka kwa nafsi yake. Katika siasa, mtu wa namna hiyo ni adimu, na wako wanaomwona kuwa hatari kuliko mwenye bunduki.

Oktoba 1964 Malcolm X wa Marekani alipita Nairobi, wakakutana. Watu wawili walioishi mbali sana, mmoja mwana wa Nebraska na mwingine wa Nairobi, wakizungumzia ukombozi wa Mwafrika kote aliko. Tarehe 21 Februari 1965 Malcolm X alipigwa risasi mjini New York. Siku tatu baadaye, asubuhi, nyumbani kwake Westlands, Pinto alikuwa ndani ya gari lake karibu na lango, binti yake mdogo akiwa kiti cha nyuma. Watu walisogea wakampiga risasi kwa karibu. Mtoto hakudhurika mwilini.

Vijana wawili walikamatwa na kushtakiwa, Kisilu Mutua na Chege Thuo. Thuo aliachiliwa na mahakama. Kisilu alihukumiwa kifo, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Jaji mwenyewe alikiri katika hukumu yake kwamba kesi ile ilikuwa na sura ya kitu kisichokamilika na kwamba huenda wako wengine waliohusika. Wengine hao hawakutafutwa. Kisilu alikaa gerezani hadi mwaka 2001, akatoka kwa msamaha wa rais akiwa mzee, na miaka yote hiyo hakuacha kusema kwamba hakumuua Pinto. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliyataja mauaji hayo miongoni mwa mauaji ya kisiasa ya nchi hii. Ripoti iliwekwa rafuni. Basi hesabu ni hii: aliyeuawa aliishi miaka 37, na aliyefungwa kwa kifo chake alikaa ndani miaka zaidi ya 35, na aliyetuma hakukaa ndani hata siku moja. Ukijaribu kuwaeleza vijana wetu hesabu hiyo, huulizia mlangoni mwa nani waipeleke, na sisi wazee hutazama kando.

Baada ya kifo chake mambo yalikwenda upesi. Miezi miwili baadaye serikali ilitoa waraka wake maarufu namba 10 wa mwaka 1965 juu ya ujamaa wa Kiafrika, ambao uliamua mengi ya maswali aliyokuwa akiyauliza, na kuyaamua kinyume chake. Chuo cha Lumumba kilifungwa mwaka huo huo. Septemba 1965 shirika la kimataifa la waandishi wa habari lilimtunukia marehemu tuzo, na Emma akaenda Santiago, Chile, kuipokea. Aprili 1966 Odinga alijiuzulu umakamu wa rais. Murumbi akashika nafasi hiyo kwa miezi michache, kisha naye akaiacha kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 1967 Emma aliwachukua mabinti zake wakahamia Kanada. Nchi ambayo mumewe aliipa kila alichokuwa nacho ilikuwa haina tena mahali pa kumweka mjane wake.

Mwaka 2008 posta ya Kenya ilitoa stempu nne za mashujaa, na moja ilikuwa na sura ya Pinto. Nilipoiona nilifurahi, kisha nikatabasamu peke yangu. Kijana aliyeanza kazi katika ofisi ya posta ya Bombay, akajiunga na mgomo huko, amerudi kwetu akiwa stempu, wakati ambapo hakuna tena anayeandika barua.

Nilisema tutaurudia urafiki wake na Murumbi. Murumbi aliishi miaka 25 baada ya rafiki yake. Aliachana na siasa, akajishughulisha na kukusanya kazi za sanaa za Afrika na vitabu, hazina ambayo sehemu yake kubwa iko mikononi mwa taifa. Alifariki mwaka 1990. Mtu aliyekuwa makamu wa rais angeweza kuzikwa penye fahari zaidi, lakini yeye alitaka alale karibu na Pinto. Leo wako pamoja pale City Park, na mkewe Murumbi, Sheila, aliyefariki mwaka 2000, amelazwa hapo pia. Jumapili iliyopita nilimkuta mzee mmoja akiondoa majani makavu juu ya kaburi la Pinto kwa mkono. Nilimwuliza kama ni ndugu. Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake, na nyuma yetu watoto walikuwa bado wanacheka na tumbili.